Kigoma na Bujumbura: Mwendo wa Saa Ngapi?

Swali la umbali halina jibu moja katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mtu akisimama Kibirizi, kaskazini kidogo ya bandari ya Kigoma, pale boti za mbao zinapopakia abiria, magunia na madumu, akauliza Bujumbura iko umbali gani, aghalabu hatajibiwa kwa kilomita. Ataulizwa kwanza: unakwenda kwa chombo gani? Na akiwa amemwuliza mtu mzima, aliyeishi akayaona ya ziwa hilo, ataulizwa na la pili: karatasi unazo? Jibu la umbali halitolewi mpaka maswali hayo mawili yajibiwe. Wala si maswali ya kukwepa. Ndani yake mna fikra ambayo wanafalsafa wameizungukia kwa maneno mengi zaidi: kwamba umbali haukai katika ardhi peke yake, hukaa pia kwa msafiri, na kwa yule anayempokea au anayemzuia. Na kama ni hivyo, basi umbali si jambo la wapima ardhi tu. Ni jambo la haki.

Ramani ina jibu lake, nalo si la uongo. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kigoma hadi Bujumbura ni kama kilomita 170. Meli iendayo maili kumi za baharini kwa saa huhitaji saa tisa au kumi. Gari likipanda hadi Manyovu, likavuka mpaka, likateremka Nyanza-Lac na kufuata ufuo kupitia Rumonge, huenda zaidi ya kilomita 200, safari ya mchana mmoja ikiwa mpakani hapana kikwazo. Mwenda kwa miguu aliyebeba mzigo wa kadiri angetaka siku sita au saba. Kalemie, ng'ambo ya ziwa katika Kongo, mji ulioitwa Albertville zama za Wabelgiji, uko karibu zaidi: kama kilomita 130. Siku ya anga safi, hasa mvua ikishaosha vumbi, milima ya Kongo huonekana kwa macho kutoka vilima vya Kigoma. Tabora haionekani. Iko mbali na Kigoma kwa zaidi ya kilomita 300, nayo iko kama theluthi moja tu ya njia katika reli ya zaidi ya kilomita 1,200 iendayo Dar es Salaam. Mtu wa Kigoma, basi, anayo miji miwili ya nchi za kigeni iliyo karibu naye kuliko Tabora ya nchi yake mwenyewe. Hata hivyo akiulizwa ndugu zake wako wapi kisheria, ataelekeza mkono mashariki.

Lugha ya Kiswahili imelijua jambo hili tangu kale. Neno umbali tunalo, na masafa tunayo, lakini katika mazungumzo ya kila siku watu husema mwendo: mwendo wa saa mbili, mwendo wa siku tatu, mwendo wa miguu. Ardhi haina mwendo. Mwenye mwendo ni mwenda. Kwa neno hilo moja lugha imeuondoa umbali katika udongo na kuutia katika miguu ya msafiri, katika mzigo wake na umri wake, na katika hali ya njia siku ile. Kijana na ajuza hawana mwendo mmoja kutoka Ujiji hadi Mwanga, japo barabara ni ile ile.

Fikra kama hiyo imo hata katika sheria ya dini. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wa Afrika Mashariki, walipotaka kujua ni safari ya kiasi gani inayomruhusu mtu kupunguza swala, walikadiria kwa marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa wanyama waliobeba mizigo, wasiokimbizwa wala wasiovivia. Siku hizi masafa hayo hukadiriwa kuwa kilomita 80 na ushei. Likazuka suala: je, msafiri akiyakata masafa hayo kwa dakika chache angani, ruhusa ingali yake? Jibu lililoshika ni kwamba ingali yake, kwa kuwa kipimo ni masafa. Sheria haina budi kufanya hivyo. Isiposimamisha kipimo, kila mtu atapima kwa uvivu wake. Lakini asili ya kipimo isisahaulike. Kabla ya masafa kuwa hesabu, yalikuwa uchovu wa ngamia na wa mwenye ngamia. Nyuma ya kila kilomita kuna mtu aliyechoka.

Jua nalo lina ushahidi wake. Dunia huzunguka daraja moja kwa kila dakika nne, na Ujiji iko magharibi ya Unguja kwa daraja tisa na nusu hivi. Kwa hiyo jua linapozama Unguja, mtu wa Ujiji bado analiona juu ya milima ya Kongo, na atangoja kama dakika 38 kabla ya adhana ya magharibi. Katika mwezi wa Ramadhani mtu wa Forodhani amekwisha kula tende, amekunywa uji, ameswali, ilhali nduguye wa Ujiji yungali na kiu yake. Na saa za mikononi mwao zinasema mamoja. Bujumbura ni kinyume. Jua lake huzama karibu dakika ile ile ya Ujiji, lakini saa za mikononi zimetengana kwa saa nzima, kwani Tanzania hufuata majira ya Afrika Mashariki, na Burundi, kama Kongo ya mashariki na Zambia, hufuata majira ya Afrika ya Kati. Jua likizama, saa ya Ujiji husema ni saa moja usiku, au karibu yake. Ya Bujumbura husema ni saa kumi na mbili jioni. Boti iendayo kaskazini huzawadiwa saa moja mpakani, na ikirudi hunyang'anywa. Na la kustaajabisha zaidi, hesabu ya saa ya Kiswahili, inayoanza usiku jua linapotua, hukaa sawa Bujumbura kuliko inavyokaa Ujiji penyewe.

Jua, basi, limeiweka Ujiji pamoja na Bujumbura, na serikali imeiweka pamoja na Unguja. Hakuna aliyekosea. Ujamaa wa jua ni kweli, na ujamaa wa dola ni kweli. Makosa huanza pale mtu anapodhani kwamba ule mmoja, kwa kuwa umeandikwa, unaufuta mwingine.

Msomaji wa visiwani anayo sababu ya kulitafakari jambo hili kwa nafsi yake, kwani historia ya Unguja na Ujiji ni historia ya umbali uliopimwa kwa mizani mbili. Maskati iko mbali na Unguja kwa takriban kilomita 3,900. Ujiji iko mbali kwa kilomita 1,000 na kitu. Lakini katika karne ya 19 jahazi lililoondoka Maskati na pepo za kaskazi lilitia nanga Unguja baada ya wiki chache, ilhali msafara wa Ujiji ulikuwa kazi ya miezi. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakaliona ziwa Februari 1858. Stanley, aliyekuwa na fedha na haraka, alitoka Bagamoyo Machi 1871, na hakumkuta Livingstone Ujiji ila baada ya miezi saba na ushei. Maskati, iliyo mbali karibu mara nne, ilikuwa jirani. Ujiji ilikuwa bara la ndani, nchi ya kwenda na kusahauliwa. Alama ya mizani hiyo ingalipo. Wako watu wa visiwani waliozuru Maskati mara kadhaa, na hawajafikiri hata siku moja kuuona ufuo wa Kigoma.

Hata hivyo umbali huo haukuwa mrefu kwa kila kitu. Pembe za ndovu zilifika. Ujiji ilipata nyumba za kipwani, miembe, vyuo vya Kurani, na Kiswahili kikavuka ziwa hadi Manyema. Na kwa njia hiyo hiyo waliletwa watu waliotekwa ng'ambo, wakavushwa ziwa kwa mitumbwi, wakatembezwa hadi Unyanyembe, na kutoka huko hadi baharini. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe ukingoni mwa Mto Lualaba, Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani wakiwafyatulia risasi waliokuja gulioni, wengi wao wanawake. Alirudi Ujiji na habari hiyo moyoni. Maandishi yake yalichukuliwa na Stanley, yakafika London mwaka 1872, na mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Uingereza, Sayyid Barghash akatia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja.

Hapa pafaa kutazama kazi iliyofanywa na umbali. Mnunuzi wa Unguja hakuiona Nyangwe. Aliyesimamishwa mbele yake alikuwa ameshavuliwa jina la kijiji chake na jina la mamake. Njia ilikuwa imemfanya mtu asiye na kwao. Aliyenunua pembe aliiona nyeupe, kwa kuwa damu ilikuwa imekaukia Manyema. Miezi ile ya safari ilitengeneza pazia, na nyuma ya pazia hilo mtu mwenye kuswali, mwenye kutoa zaka, mwenye kumpisha mzee barazani, aliweza kuishi bila kusumbuliwa na dhamiri. Udhuru wake ulikuwa: sikuona. Wala wasomaji wa London waliotikiswa na habari zile hawakuwa na mikono safi, maana pembe ziliishia katika vinanda na vipini vya visu vya Ulaya na Marekani. Wote walikuwa na udhuru mmoja, na udhuru huo haukubaliki kwa sababu nyepesi: njia inayoleta bidhaa haiwezi kudai kuwa ni ndefu mno kwa habari. Aliyeipata pembe angeweza kupata na kisa chake, lau angeuliza. Hakuuliza, na umbali akausingizia.

Karne iliyofuata ilikuja na mashine za kufupisha njia. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, na miezi ya msafara ikageuka siku. Meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Vita vilipowageukia, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 karibu na mlango wa Mto Malagarasi, mashine zake wakiwa wamezipaka grisi kwa matumaini ya kuirudia. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilikwenda toka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, siku mbili na zaidi za safari, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, abiria wakishuka katika mitumbwi usiku kwa mwanga wa kurunzi.

Mkataba nao waweza kuwa mashine. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kwamba Wabelgiji wapewe maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili shehena za Kongo na Ruanda-Urundi zipite bila kuzuiwa na forodha. Kwa kalamu moja gunia la kahawa la Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, lilisogezwa karibu na bahari. Mkulima aliyelilima hakusogezwa. Yeye alibaki pale pale alipokuwa. Hili ni fundisho ambalo historia ya ziwa imelirudia: umbali hufupishwa kwanza kwa silaha, kisha kwa bidhaa, na mwisho kabisa, kama fursa ikibaki, kwa watu. Kwa hiyo anayesifu njia kwa kuwa imefupishwa hajasema kitu mpaka aseme imefupishwa kwa ajili ya nani.

Fikiri basi, msomaji, juu ya wasafiri watatu wa kilomita zile zile 170. Wa kwanza ni mfanyabiashara mwenye pasipoti. Kwake Bujumbura ni mchana mmoja. Wa pili ni mchuuzi wa dagaa na mafuta ya mawese, anayemjua kila baharia wa Kibirizi. Kwake ni usiku mmoja ziwani, na wasiwasi wa upepo. Wa tatu anakuja kutoka upande wa pili, na hana karatasi wala nauli. Kwake masafa yale hayapimwi kwa saa.

Mwaka 1972 mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania. Wengi waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa mashamba, wakazaa, wakazika. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 miongoni mwa wakimbizi hao na uzao wao. Hesabu ni nyepesi: safari iliyoanza mwaka 1972 ilifika mwaka 2014. Njia ambayo gari huikata kwa mchana mmoja, wao waliikata kwa miaka 42. Kwani kufika si kukanyaga ardhi. Kufika ni kuwa mahali ambapo huulizwi tena utaondoka lini. Na mtoto aliyezaliwa Mishamo, asiyewahi kusafiri hata hatua moja, alizaliwa safarini. Hakuna kipimo cha wapima ardhi kiwezacho kueleza jambo hilo, na hata hivyo ni kweli kama kilomita zilivyo kweli.

Kisha wakaja wengine: Warundi baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, Wakongo waliovuka ziwa kuanzia mwaka 1996, vita vilipowaka katika nchi iliyokuwa bado ikiitwa Zaire. Liemba, meli iliyoundwa kwa ajili ya dola na vita, mwaka 1997 ikafanya kazi ya kuwarudisha makwao makumi ya maelfu ya wakimbizi. Na mwezi Mei 2015, machafuko yalipozuka tena Burundi, makumi ya maelfu ya watu walimiminika Kagunga, kijiji cha wavuvi kilicho jirani kabisa na mpaka, kilichobanwa baina ya mlima na maji. Nyuma yao hapakuwa na barabara ya gari. Mbele yao palikuwa na ziwa. Kutoka Kagunga hadi Kigoma hakuzidi kilomita 60, lakini kwa mama mwenye watoto wawili na mzigo kichwani kilomita hizo zilikuwa ukuta. Walilala ufuoni, wakanywa maji ya ziwa, na kipindupindu kikazuka. Waliokufa walikuwa wakimbizi, na wamo wenyeji pia. Ndipo Liemba ikaja, ikatia nanga mbali kidogo na ufuo, na mitumbwi ikawapeleka watu kwa mafungu, mamia kwa kila safari, hadi Kigoma; wakapumzishwa katika uwanja wa michezo wa Lake Tanganyika, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Sasa suala lenyewe laweza kuulizwa wazi. Je, umbali hupunguza wajibu wa mtu kwa mtu?

Mwaka ule ule wa 1972, mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha makala aliyoiandika kwa sababu ya njaa na ukimbizi wa Bengali. Hoja yake ni kwamba ukaribu na umbali havina uzito katika maadili: ikiwa mtu anaweza kuzuia baya bila ya kupoteza kitu chenye thamani sawa na hicho, hana budi kulizuia, awe mwenye dhiki ni mtoto wa jirani au mtu asiyemjua aliye mbali kwa maelfu ya maili. Hoja hii ina nguvu. Inampokonya mnunuzi wa pembe udhuru wake wote.

Lakini wahenga wa Kiswahili wana neno la kumjibu: fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakusema kwamba aliye mbali hana huruma. Walisema kwamba hana mkono. Methali hii si ya kudharauliwa. Mtu akiwa anazama mbele ya Kibirizi, mvuvi aliye hatua ishirini ndiye anayedaiwa kasia lake, si mshairi aliye Pemba. Na liko jambo la haki ndani yake, ambalo hoja ya Singer huenda ikalifunika. Mvuvi wa Kagunga hakuchagua kuwa jirani wa mpaka. Siku moja aliamka, ufuo wake umejaa watu kuliko kijiji chake. Kisima chake, kuni zake, choo chake, vyote vikawa vya wageni. Ukaribu ulimtwisha mzigo ambao mtu wa Unguja, wa Dar es Salaam au wa Ulaya hakuuona ila katika picha. Kama wajibu ni wa aliye karibu tu, basi wanyonge walio mipakani ndio watakaobeba dhiki za dunia nzima, na wenye nafasi watabaki salama nyuma ya kilomita zao.

Kati ya neno la mwanafalsafa na neno la wahenga, Kagunga yenyewe ilitoa jibu. Wenyeji walitoa walichokuwa nacho: maji, kivuli, mitumbwi. Lakini mitumbwi isingetosha. Ilihitajika meli, na meli ilihitaji mafuta, amri, fedha na watu waliokuwa mbali. Wajibu haukupungua kwa umbali; ulibadilika umbo. Aliye karibu hudaiwa maji. Aliye mbali hudaiwa chombo. Aliye karibu hudaiwa leo. Aliye mbali hudaiwa asimwache wa karibu peke yake kesho. Methali yasema fimbo ya mbali haiui nyoka, nayo ni kweli. Lakini haikumkataza aliye mbali kuirusha fimbo imfikie aliye karibu na nyoka. Anayeitumia methali hii kulalia usingizi ameichukua nusu.

Pana methali nyingine, ngumu zaidi: asiyekuwepo na lake halipo. Wengi huitamka kwa kicheko, katika mgawanyo wa chakula au wa urithi. Ikisomwa kwa uzito wake, ni maelezo ya jinsi dunia inavyokwenda, wala si maagizo ya jinsi inavyopaswa kwenda. Mtu wa Nyangwe hakuwepo sokoni Unguja kueleza kisa chake, na lake halikuwepo. Mkimbizi hayupo mezani mipaka inapoamuliwa, na lake halipo. Mwungwana hutambulikana hapo: kwa kulitunza la asiyekuwepo kana kwamba yupo. Labda huo ndio ufafanuzi ulio bora wa uadilifu baina ya walio mbali. Mapenzi si sharti, kwani haiwezekani kumpenda usiyemjua. Sharti ni kuacha kuhesabu kutokuwepo kwake kuwa idhini.

Mtu anaweza kupinga kwamba maneno haya yameligeuza ziwa kuwa fumbo, ilhali ziwa ni maji. Pingamizi hilo lina haki. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha takriban mita 1,470. Hakuna moyo mwema unaolifanya lisizamishe. Boti iliyopakiwa kupita kiasi huzama na wema wake. Ndiyo maana wajibu wa kufupisha umbali hautimizwi kwa huruma pekee. Hutimizwa kwa gati, kwa boya, kwa meli iliyokarabatiwa, kwa barabara, kwa ofisi ya mpakani isiyomsumbua mchuuzi mwenye ndoo mbili za dagaa. Liemba ilipoacha kusafiri mwishoni mwa miaka ya 2010 kungoja matengenezo makubwa, vijiji vya kusini mwa ziwa vilisogea mbali, ingawa havikuondoka mahali pao. Nani aliyevisogeza? Hakuna mtu mmoja. Lakini visingesogea kama vingekuwa kitu katika hesabu za walio mbali navyo.

Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Katika miaka hii ya 2020 Tanzania na Burundi zimetiliana saini ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati. Haya ni mema, na yanastahili kusifiwa kwa kadiri yake. Lakini yapimwe kwa mizani ile ya Kibirizi. Siku reli itakapomaliza kuchukua madini na shehena, aulizwe mchuuzi wa dagaa: je, kwako Bujumbura imesogea? Na aulizwe mwanawe: je, ukifika utapokewa vipi?

Kwa maana mwisho wa safari haumo katika uwezo wa msafiri. Anaweza kutembea usiku na mchana. Hatua ya mwisho hupigwa na mwenyeji. Kiswahili, kinachosemwa katika mitaa ya Ujiji, ya Buyenzi kule Bujumbura, na ya Kalemie, kina neno moja kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Mtu akibisha hodi, huambiwa karibu. Neno hilo ni sifa ya mahali na ni ruhusa kwa pamoja. Aliyeko ndani humwambia aliyeko nje kwamba umbali umekwisha, nao hukwisha kwa kuwa amesema. Asiposema, mgeni atakuwa amesimama kizingitini, hatua moja kutoka mkekani, na bado yuko mbali kuliko alikotoka.

Jioni jua linatua nyuma ya milima ya Kongo, na wavuvi wa Kigoma wanatayarisha taa zao kwa ajili ya dagaa wa usiku wa giza. Ujiji mwadhini anatazama saa yake. Ni saa moja. Buyenzi mwadhini anatazama yake. Ni saa kumi na mbili. Wote wawili wanaanza kuadhini katika dakika moja.